Kengele Yetu Inamfukuza Mwenzetu

Kuna neno limenikaa kooni tangu muhula wa pili, na leo nitalitema katika jarida hili la chama chetu.

Nyote mnaijua kengele yetu. Ni kipande cha reli kinachoning'inia mtini kando ya dirisha la Kidato cha Tatu, na anayeipiga huipiga kana kwamba ana kisa nayo. Sisi hushtuka kidogo tukaendelea. Lakini darasani mwetu yumo mwenzetu mwenye usonji. Ikilia, yeye huziba masikio, hujikunja juu ya dawati, na siku nyingine hutoka mbio hadi nyuma ya maktaba. Mvua ikipiga mabati ndiyo balaa zaidi.

Tulimcheka. Nasema "tulimcheka" kwa kuwa nilikuwamo. Hata niliwahi kumwigiza, darasa zima likaangua kicheko. Kisha akaandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele kwa sababu huguna akijituliza, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi ati alitoroka somo. Baada ya hapo hakuonekana wiki mbili. Nilipompelekea madaftari, kwa maana tunaishi mtaa mmoja, mamake aliniambia, "Mwanangu, yeye hajakataa shule. Masikio yake yanaumia." Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Jamani, usonji si wazimu, si laana, wala si utovu wa adabu. Ni jinsi ubongo wa mtu unavyokua tangu utotoni. Wengi wenye hali hii hupokea sauti, mwanga, harufu au mguso kwa nguvu kutushinda. Wengine kwa uchache. Kwa mwenzetu ni sauti, na pia lebo ya sweta inayomkwaruza shingoni. Ndiyo maana huja bila sweta hata Julai, na kiranja humsimamisha langoni. Lakini mkalishe palipotulia, atakutajia ngeli zote bila kukwama, jambo ambalo wanachama wengi wa chama hiki hawaliwezi (tusidanganyane).

Wapo wasemao apelekwe shule maalum. Shule hizo zipo na zinawafaa wengine. Lakini huyu alifanya mtihani wa darasa la nane kama sisi, akaitwa hapa kama sisi. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na jamii kadiri inavyomfaa. Wengine huuliza, "Mbona sisi hatubembelezwi?" Kwani anayevaa miwani huwa tunamwambia aivue ili tulingane?

Ninachoomba hakina gharama. Reli ihamishwe hadi karibu na lango. Mwenzetu aruhusiwe kutoka dakika mbili kabla ya kengele, na kusimama pembeni wakati wa gwaride. Lebo ya sweta ikatwe, basi, sare itabaki sare. Na akizidiwa, aende kile chumba kidogo cha maktaba bila kuitwa mtoro.

Mimi na wanachama wawili tuko tayari kuihamisha reli hiyo Jumamosi yoyote. Waya tunao. Tunangoja ruhusa ya mwalimu wa zamu tu.