Staa Kashindwa Kumaliza Tandiko la Kufuma, Mnamcheka Bure

Jamani wadau, mnazikumbuka ahadi za Januari za yule dada wa Bongo Muvi mwenye wafuasi kibao Insta? Alijipiga picha kashika sindano ya kufumia na mabunda ya nyuzi, akasema mpaka Pasaka atakuwa kafuma tandiko zima la kitanda. Na bado, kila wiki ataenda kuangalia mchezo wa jukwaani. Pasaka imepita, picha kazifuta, na sasa watu wanamwita mvivu.

Uvivu hapo haupo, hesabu ndo ilimkataa. Tandiko alilochora lilikuwa la vipande 12 kwa 12, yaani 144. Kuanzia mwaka mpya mpaka Pasaka hata miezi minne haifiki. Mtu aliyeshika sindano juzi, kipande kimoja kinamla jioni nzima, na akikosea kuhesabu vitundu anafumua anaanza upya. Huyo huyo ana muvi za kurekodi, ana matangazo, ana mtoto mdogo. Hata bibi zetu waliojaza vitambaa kwenye makochi na juu ya redio walifuma kidogo kidogo barazani huku wakipiga stori, hakuna aliyewakimbiza.

Hiyo ya michezo ya jukwaani ndo kichekesho kabisa. Wiki 52, michezo 52, Dar hii hii? Singeli na bendi zipo kila wikiendi, ila mchezo wa jukwaani mpaka uuvizie. Utausikia Nafasi Art Space pale Mikocheni, halafu kimya. Tamasha la TaSUBa kule Bagamoyo lenyewe ni mara moja kwa mwaka. Angesema minne tu kwa mwaka, Bagamoyo ikiwemo, saa hizi angekuwa na cha kusimulia.

Kilichomponza ni kuahidi kitu cha kuwafurahisha mashabiki kabla hajajua mwenyewe anapenda nini kwenye kufuma. Maana picha moja hakuifuta: kitambaa cha stuli cha rangi ya chungwa, kimepinda upande mmoja, naye kakiweka kichwani anacheka mpaka macho yamefumba.

Mtu wake wa karibu anasema sindano bado iko kwenye pochi, na akikaa saluni anaitoa. Anafuma nini, safari hii hajasema.