Sindano Ilikuwa Bado Haijamgusa



Ndugu wazazi na wanafunzi, wauguzi walipokuja kwetu Nakaloke kuwachanja mabinti chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi ambayo Uganda inawapa wasichana wa miaka 10 nchi nzima tangu 2015, binti mmoja alianguka akiwa bado kwenye foleni. Sindano ilikuwa haijamgusa. Wawili wakamfuata. Walipopata nafuu walisema nyumbani waliambiwa mkono utapooza. Sisi walimu tulisema, "Wanajifanya hao." Hapo tulikosea.

Hawakujifanya. Madaktari huliita jambo hili nosebo: mtu akitarajia dhara, mwili wenyewe huanza kuumwa. Moyo unakwenda mbio, tumbo linavurugika, maumivu madogo yanakuwa makubwa. Mwaka 2022 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 12 ya chanjo za korona, yenye watu zaidi ya 45,000. Katika wale waliochomwa sindano isiyo na chanjo ndani yake, asilimia 35 walipata maumivu ya kichwa, uchovu na mengineyo baada ya sindano ya kwanza!

Na hofu huambukizana, hasa shuleni. Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio hadi shule ikafungwa. Waliochunguza hawakukuta sumu wala kidudu.

Wanafunzi wetu wanajua kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza tiyara, yaani kutabiri mkosi, na alipenda fa'l, neno jema. Katika Sahih Bukhari, Ibn Abbas anasimulia Mtume alivyomtembelea bedui mgonjwa, akamwombea kuwa maradhi yawe tohara kwake. Yule mzee akakataa: kwake hii ilikuwa homa ya kumpeleka kaburini. Mtume akamjibu kwamba basi na iwe hivyo. Hatusemi hadithi hii ni somo la udaktari. Lakini kila tukiisomesha tunawakumbuka wale mabinti watatu.

Je, tuwafiche watoto? Hasha, kumdanganya mtoto ni haramu, naye akigundua hatatuamini tena. Aambiwe kweli yote: mkono utauma, homa kidogo yaweza kuja siku moja au mbili, na wengi wanaendelea na michezo yao. Akiumwa baadaye apelekwe zahanati, asiambiwe ni mawazo yake tu. Tunachowalaumu wazazi, na sisi wenyewe tumo, ni kubeba uvumi wa sokoni tukaumwaga mbele ya mtoto usiku wa kuamkia chanjo.

Wauguzi wakirudi, foleni itakuwa nje ya ukuta, wanaosubiri wasione sindano. Akina mama wawili ambao mabinti zao wamekwisha kuchanjwa wamekubali kukaa nao mkekani. Baba yeyote mwenye swali na aje kwetu baada ya Isha, mtoto akiwa amelala.