Uumbaji: Polepole au Ghafla?



Wapendwa waamini, baadhi yenu mmetuuliza: ikiwa wanasayansi wenyewe hawapatani kuhusu mabadiliko ya viumbe, kwa nini Mkristo asiyakatae yote?

Ni kweli, mwaka 1859 Darwin alifundisha kwamba spishi hubadilika hatua kwa hatua, kwa muda mrefu mno. Mwaka 1972 Eldredge na Gould walipendekeza kwamba nyingi hukaa karibu bila kubadilika kwa mamilioni ya miaka, kisha spishi mpya huchipuka kwa kipindi kifupi. Lakini tuzingatie: walibishana juu ya mwendo wa safari, si juu ya kuwapo kwa safari. Hata hiyo “ghafla” yao ni maelfu ya miaka.

Sisi wa Rufiji na Kibiti tusishangae. Delta yetu ilijengwa na matope yaliyoletwa kidogo kidogo, na mikoko ikayashikilia. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkuu wa mto ulihamia kaskazini mwa delta, na maji matamu yakafuata njia mpya. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitukumbusha nguvu hiyo. Mto ni mmoja, miendo yake ni miwili.

Ndivyo ilivyo kwa viumbe. Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Tangu hapo zimetokea mamia ya aina za furu. Kwa historia ya dunia, huo ni kama usiku mmoja.

Je, imani inatikisika? Hapana. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kuwa nadharia hii ni zaidi ya dhana tu, huku akisisitiza kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mtume Petro naye alikwisha kutuonya tusimpime Mungu kwa kalenda yetu. Anayemtafuta Muumba katika mabishano ya wataalamu tu, atampoteza siku watakapopatana.

Haraka ya kuogopwa ni yetu. Sangara walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zikitoweka. Nasi tukifyeka mikoko kwa msimu mmoja wa mpunga, tunaiga haraka hiyo hiyo. Muumba amesubiri, nasi tujifunze kusubiri.

Dominika njema.