Umaskini Si Uyatima

Wako watu wasemao ya kuwa mtoto wa maskini akichukuliwa na tajiri hana la kulilia: atakula ashibe, atavaa, atasoma. Msomaji wangu, neno hilo ni tamu masikioni, na ndiyo maana nataka ulipinge.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliibomoa nchi ya Haiti. Mwezi haujaisha, Wamarekani 10 walikamatwa wakitaka kuwavusha watoto 33 mpaka wa Jamhuri ya Dominika bila idhini ya serikali. Walisema ni mayatima. Ikaja kujulikana ya kuwa wengi wao walikuwa na wazazi hai, na baadhi ya wazazi hao waliwatoa kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa waliahidiwa shule na malezi mema. "Basi si waliridhia?" utaniuliza. Ridhaa gani hiyo, ya mtu ambaye ardhi ilimtikisika chini ya miguu majuma mawili tu yaliyopita? Mwenye njaa huuza jembe lake kwa kibaba cha unga, wala hatusemi kuwa alilichoka jembe. Hata kama wale wageni walikuwa na nia njema, nia njema haimrudishii mama mwanawe.

Kenya imelitambua jambo hili. Mipango ya kumwasili mtoto haianzwi kabla hajatimiza majuma sita. Muda huo humpa mama nafasi ya kufikiri. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri liliwazuia wageni wasiwaasili watoto wa Kenya. Vema, lakini sheria haiingii jikoni mwa mtu. Aingiaye ni afisa wa ustawi wa jamii, naye aulize kwanza: mama huyu amekosa nini? Kama ni unga, uletwe unga. Kama amekufa, yuko wapi nyanya, yuko wapi shangazi?

Simpingi aaasiliye mtoto asiye na mtu. Huyo namheshimu sana. Nampinga afichaye. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 wampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake, kadiri iwezekanavyo. Faili lake litunzwe, na jina la mamake lisifutwe humo, kwa sababu mtoto huyo atafika umri wako, na ataliuliza.