Mteremko ni Mmoja: Ilani ya Wakazi wa Milima ya Lushoto

Sisi wapangaji, mafundi na wenye viwanja wa Lushoto, Soni, Magamba na Lukozi tumeungana kwa sababu tumechoka kuzoa tope ndani ya nyumba kila masika.

Tope hilo tunajua linakotoka. Mtu ananunua kipande cha mteremko, anachonga kilima wima mpaka apate uwanja wa vyumba vitatu, na udongo anausukumia kwa jirani wa chini. Nyuma ya nyumba unabaki ukuta wa udongo mtupu uliopita paa kwa urefu, hatua mbili tu kutoka dirisha la jiko. Maji ya bati hayana mfereji, yanamwagikia kwenye msingi. Mwezi wa nne ukuta unashuka, na anayeumia ni wa chini.

Wazee wetu waliwahi kulazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta, katika mpango wa Mlalo ulioanza mwaka 1946. Waliukataa, na walikuwa na haki. Amri ya namna ile hatutaki irudi. Lakini hatukubali pia kila mtu ajichongee apendavyo, maana mteremko ni mmoja.

Kwa hiyo tunaanza kujibana wenyewe. Hakuna mwenzetu atakayechonga kilima bila ukuta wa mawe wa kuzuia udongo na mfereji wa kufikisha maji korongoni. Hakuna fundi wetu atakayejenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshakataza. Matofali ya kuchoma tutayapunguza, kwani tanuri linakula miti ileile inayoushika udongo.

Halmashauri tunaitaka ipime viwanja na kuonyesha njia za maji kabla havijauzwa. Na mwenye nyumba ampe mpangaji mkataba wa maandishi, ili naye aweze kudai ukuta na mfereji.

Na kwa koo zetu hatutabembeleza: binti apewe kiwanja kama kaka yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, ila vikao vya ukoo vingali vinagawa kana kwamba haipo, naye anaishia kujenga kando ya korongo, mahali ambapo kaka zake wote wamepakataa.

Masika yanaanza Machi. Mwenye sururu, chepe au mawe aje kabla ya hapo. Tutaanza na mifereji ya nyumba zilizo chini kabisa.