Mwalimu Mkuu, njoo ukae nyuma

Wasee, tuseme ukweli. KCSE ikitoka, kila mwalimu mkuu anaongea wastani tu. Lakini wastani haukwambii darasa lilipotea wapi.

TSC iko na TPAD: mwalimu anaangaliwa akifundisha, halafu anapewa maoni. Hiyo ni poa. Lakini fomu ikijazwa ofisini, inasaidia nani?

Mimi nilikaa nyuma miaka minne, najua kwenye somo hukatikia. Mkuu aingie, akae huko na daftari, ahesabu: maswali mangapi yameulizwa, na ni nani wamejibu? Kama ni wale watatu wa mbele tu, hapo ndio kuna shida. Kisha aongee na mwalimu pembeni, asimgombeze mbele ya wanafunzi.

CBC imeleta vitabu vipya, sawa. Lakini kama bado tunanakili ubao tu, nini kimebadilika? Nyinyi mnaonaje?