Mimi Daraja Sipandi

Wacha niseme mapema ndio tusidanganyane: mimi daraja la miguu sipandi. Nikiwa na haraka navukia chini. Natazama kulia, kushoto, kulia tena, halafu natoka mbio kama kuku aliyeona mwewe. Wewe pia unavuka hivyo. Najua kwa sababu tunavuka pamoja, tumepanga laini ukingoni mwa barabara, kila mtu akingoja mwenzake aanze.

Mtu akigongwa hapo, maneno ni yale yale. Redioni, ndani ya matatu, hata matangani: "Si kuna daraja? Kwani alikuwa anakimbilia nini?" Marehemu anashtakiwa kabla hajazikwa. Dereva amepewa pole, barabara imeachiliwa huru, na sisi tuliobaki tumepewa onyo.

Mimi nataka kulijibu hilo swali. Alikuwa anakimbilia kazi.

Nimelelewa Laini Saba, Kibera, na kwa miaka minne nilikuwa kibarua Industrial Area. Njia yetu haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua. Unatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, giza bado, unapita Highrise, unakata Mbagathi Way, unashika Lang'ata Road pale Madaraka, unafika Nyayo Stadium, unaingia Lusaka Road, kisha Enterprise Road, na hapo kila mtu na geti lake. Ni kama kilomita 6. Kwa mguu ni saa moja na kidogo. Geti likishafungwa, aliyechelewa kwa dakika tano amepoteza siku nzima, na siku ya kibarua ndiyo unga wa jioni.

Sasa mwambie huyo mtu apande ngazi, azunguke, ashuke, arudi nyuma mpaka pale alipokuwa ameona kwa macho yake tangu mwanzo. Mwambie mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni. Mwambie mwenye magongo. Mwambie msichana wa miaka kumi na tisa apande peke yake juu ya daraja lisilo na taa, alfajiri, na hajui nani amesimama pale katikati.

Tukubali ukweli: hilo daraja halikujengewa sisi. Lilijengewa gari. Mwenye kutembea anapanda juu na kushuka ili aliyekaa kwenye kiti asiinue mguu kwenye mafuta. Halafu tunaambiwa tushukuru kwa kufikiriwa.

Kwenye mtaa wetu kuna fundi wa kuchomelea vyuma. Alichoka na nauli inayopanda kila mvua ikinyesha, akanunua baiskeli ya mtumba. Kilomita 6 kwa baiskeli, hata ukiendesha polepole, hazifiki nusu saa. Miezi michache alikuwa mtu mwenye furaha, anarudi nyumbani jua lingalipo. Asubuhi moja Lusaka Road akakuta lori limeegeshwa juu ya njia ya miguu. Akaingia barabarani kulipita. Gari lililomgonga halikusimama. Leo ana chuma ndani ya paja, na kazi ya kusimama siku nzima imemshinda. Baiskeli imening'inia ukutani juu ya kiti chake. Watu wakija kumjulia hali, bado wanamuuliza: "Lakini wewe, kwani hukuwa unaona?"

Huyo si mtu mmoja. Tangu mwaka 2021, kila mwaka Kenya imezika zaidi ya watu 4,000 kwa ajali za barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu. Jijini Nairobi, katika kila safari kumi, nne hivi hufanywa kwa mguu mwanzo hadi mwisho. Kwa hivyo tunaotembea si wachache waliokosa gari. Sisi ndio jiji. Lakini ukitazama barabara zetu utadhani tulipita tu kusalimia.

Wenye mamlaka hawawezi kusema hawajui. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na ndani yake ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ni zaidi ya miaka kumi sasa. Mwaka 2022 tukafunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inapita hewani pale pale Nyayo tunapovukia. Baiskeli hairuhusiwi kupanda. Haya, hiyo ni barabara ya kulipia, kampuni iliyoijenga inarudisha pesa zake kwa ada. Lakini anayeenda uwanja wa ndege alitengenezewa njia bila kuulizwa kama yuko wengi. Anayeenda Enterprise Road bado anaruka mtaro.

Mimi sidai maajabu. Nadai mambo manne.

La kwanza, wapangaji wafuate miguu. Njia salama haibuniwi ofisini, tayari ipo. Angalia ile mistari ya udongo iliyokatwa kwenye nyasi, angalia ua ulipotobolewa, angalia pale mama wa chai ameweka jiko. Hapo ndipo watu wanapita na hapo ndipo watakapoendelea kupita, hata ukiweka vyuma na mabango. Chora hapo.

La pili, gari lipunguze mwendo pale mguu unapokatiza. Sisemi bango, nasema tuta pana lenye kivuko juu yake, usawa wa njia ya miguu, ili dereva ndiye apande na kushuka. Gari la kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde, kabla dereva hajagusa breki. La kilomita 30 linakula mita 8. Tofauti hiyo ndiyo mtoto wa watu. Mwaka 2020, mawaziri waliokutana Stockholm kuhusu usalama barabarani walitoa azimio linalotaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochangamana na watu. Sasa niambie, kuna mahali watu na magari wamechangamana kuliko Lusaka Road saa kumi na mbili asubuhi?

La tatu, njia isikatike. Njia yenye urefu wa kilomita 6 iliyokatika mita 50 tu pale kwenye mzunguko si njia, ni mtego. Mitaro ifunikwe. Vigingi vya zege viwekwe ili lori na boda zisigeuze njia kuwa maegesho na barabara ya mkato. Baiskeli ipewe upande wake na miguu upande wake. Na taa ziwe za kumulika nyuso za watu, si ile mulika mwizi moja kule juu inayoangaza mabati.

La nne, mama mboga na mama chapati wapangiwe nafasi yao. Kila mara njia ikijengwa, kanjo wanakuja kwanza kumwaga sufuria, wakisema wachuuzi ndio wameziba. Mimi nilipotembea gizani, mama wa chai ndiye aliyekuwa polisi wangu. Ukimfukuza, umezima taa.

Watu wataniambia Nairobi hakuna waendesha baiskeli, mbona tuwajengee? Njoo Kibera nikuonyeshe baiskeli zilizoning'inia ukutani. Wengine watasema magari hayatapata pa kupita. Mwaka 2019 Luthuli Avenue, ile ile iliyokuwa imejaa matatu hadi huoni duka, ilifanywa ya upande mmoja na wenye miguu wakaongezewa nafasi. Jiji halikuanguka. Kumbe inawezekana, ila hatuifanyi kule wafanyakazi wanakopita.

Na sisi vijana tusijifiche. Mwaka jana nilikuwa nimekaa mbele kwenye gari la rafiki yangu, tukiwa Lang'ata Road, jamaa mmoja akakatiza mbio mbele yetu. Nikajisikia nikisema, "Huyu anataka kufa?" Mimi. Miaka minne nimevuka hapo hapo kwa mbio zile zile, na dakika kumi za kiti laini zilitosha kunisahaulisha. Hapo nikaelewa kwa nini mambo hayabadiliki. Anayechora barabara anaketi pale nilipokuwa nimeketi. Wengi wetu tunangoja tu zamu yetu ya Vitz, na tukiipata, tunawafungia kioo tuliotembea nao.

Kwa hivyo nina ombi, na si la wahandisi peke yao. Katiba, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi. Tunajua vikao hivyo hufanywa Jumanne saa nne asubuhi, wakati kibarua yuko ndani ya geti. Basi tupeleke ushahidi wake. Tukutane Nyayo saa kumi na mbili kasoro robo, watu ishirini tu, kalamu na daftari, tuhesabu: wangapi wamepita kwa mguu, wangapi kwa baiskeli, wangapi wamevukia chini, wangapi wamebeba watoto. Tufanye hivyo siku tano. Halafu mtu akileta mchoro wa barabara mpya, tuweke daftari mezani na kumuuliza swali moja: hawa wote, kwa mchoro wako, wanavukia wapi?

Akinyoosha kidole juu, tumwambie akajaribu yeye kwanza. Saa kumi na moja na nusu, giza, na beseni kichwani.